Kulisha kinyonga wa kufugwa Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga zaidi kinyonga wa pwani yetu, Chamaeleo dilepis, yule wa kijani au kahawia mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Mahali ambapo aina nyingine inahitaji kitu tofauti tumesema.

## Mambo ya mwanzo

1. Je, naruhusiwa kumfuga?

Si bila kibali. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka anayemweka awe na kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kumsafirisha nje ya nchi kunahitaji pia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ukimkuta kwenye ua wako, muache pale pale. Msaada mkubwa utakaompa ni kutopulizia dawa ya wadudu, kwani kichaka kisicho na dawa kinamlisha kuliko utakavyoweza wewe. Yafuatayo ni ya wenye kibali: shule, bustani za wanyama, na wanaotunza vinyonga waliojeruhiwa.

2. Anakula nini hasa?

Wadudu walio hai na wanaotembea. Jicho lake hushtuka kwa mwendo, kwa hiyo mdudu aliyekufa kwake ni kama jani. Mpe nyenje, panzi, nondo, nzi, viwavi laini visivyo na manyoya, vunjajungu wadogo na mende waliofugwa. Asile aina moja tu kila siku. Aina tatu au nne kwa wiki ndilo lengo, kwa sababu kila mdudu ana upungufu wake, na pia kinyonga huchoka na chakula kimoja (swali la 15).

Kipimo cha ukubwa: mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga. Mkubwa zaidi ya hapo humkaba au humtoka bila kusagika.

3. Wangapi, na mara ngapi?

Chini ya miezi mitatu: mara mbili kwa siku, wadudu wadogo kadiri watakavyomaliza kwa robo saa. Miezi mitatu hadi sita: wanane hadi kumi kwa siku. Kutoka hapo punguza polepole. Akishakomaa, wadudu wanne hadi sita siku moja, siku inayofuata apumzike. Jike asiye na mayai tumboni apate wachache zaidi, watatu au wanne, mara tatu kwa wiki. Jike anayelishwa kupita kiasi hujaza mayai mengi, na kila tumbo la mayai linamfyonza mifupa.

Mlishe asubuhi, akishaota jua kidogo. Anayekula magharibi hulala na chakula tumboni bila joto la kukisaga.

4. Matunda, mboga, ugali, nyama, yai?

Hapana. Matunda na mboga mpe nyenje, naye kinyonga atavipata ndani ya nyenje. Wako vinyonga wengine, kama yule wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), wanaotafuna majani, lakini wa kwetu hategemei hayo. Mjusi kafiri pia usimpe hata kama anamtamani, kwani mijusi wa ukutani hubeba minyoo.

## Kupata na kutunza wadudu

5. Wadudu nawapata wapi, hasa kaskazi ikikausha kila kitu?

Masika yakishaanza, kuanzia Mei, nyasi za Ganda, Kakuyuni na Msabaha hujaa panzi, na kazi inakuwa rahisi: wavu wa kitambaa cha chandarua, uzungushe kwenye nyasi asubuhi umande ukiwapo, kwani panzi wenye baridi hawaruki mbali. Shida ni Januari hadi Machi. Nyasi zimekauka, panzi ni wachache na wakavu, na ndio wakati vinyonga wengi wa kufugwa hukonda.

Kwa hiyo fuga nyenje kuanzia Novemba ili wawe tayari (swali la 6). Usiku washa taa nyeupe mbele ya shuka jeupe lililotundikwa, utapata nondo. Kwa wadogo, weka ndizi mbivu iliyopondeka ndani ya mtungi wa kioo, funika kwa kitambaa chenye tundu moja dogo, na vinzi vya matunda vitajileta vyenyewe kwa siku mbili tatu.

Usikusanye kando ya mashamba ya nyanya na pilipili wala karibu na mahoteli, kwa sababu bustani hizo hupuliziwa dawa. Panzi aliyekula jani lenye dawa anaweza kuonekana mzima kabisa, na kinyonga akamla na kufa.

Wapo wafugaji wa kuku na samaki wanaozalisha funza wa nzi askari mweusi. Ukimpata mmoja jirani, nunua kidogo, kwani funza hao wana kalsiamu nyingi kwa asili, jambo ambalo wadudu karibu wote wengine hawana. Chukua wale wachanga, weupe au wa krimu. Wale weusi wana ngozi ngumu.

6. Nyenje nawafuga vipi?

Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye ukuta laini inatosha. Kata dirisha kwenye kifuniko, bandika wavu wa chuma wenye matundu madogo (wa plastiki watautafuna), kisha simamisha trei za mayai za karatasi ndani. Chini weka pumba kavu na mabaki makavu ya mboga. Maji wape kwa kipande cha karoti au boga, kwani ukiweka kibakuli watazama.

Kwa mayai, weka kopo la mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita nne. Majike watataga humo. Baada ya siku nne au tano litoe, lifunike na liache kivulini. Kwa joto la huku, karibu nyuzi 30, vitoto hutoka kwa wiki moja hadi siku kumi, na hukomaa kwa takribani wiki sita hadi nane. Anza makopo mapya kila wiki, usikae bila nyenje.

Kinachoua nyenje wengi Malindi ni unyevu uliofungika pamoja na chakula kilichooza. Ndoo ikitoa harufu ya amonia, isafishe siku hiyo hiyo. Miguu ya meza isimamishe kwenye vikopo vya maji yenye sabuni kidogo, la sivyo siafu watakumalizia ufugaji usiku mmoja.

7. Kuna haja ya kuwalisha wadudu kabla ya kumpa kinyonga?

Hili ndilo tungependa kila mfugaji alishike kuliko jingine lolote. Nyenje aliyekaa na njaa ni ganda na maji. Kinyonga anaweza kula kumi kila siku na bado akadhoofika, na mwenyewe akashangaa, maana hamu ya kula ipo.

Saa 24 hadi 48 kabla, wape wadudu sukuma wiki, majani ya mronge, karoti iliyokunwa, boga, papai au embe. Mronge una kalsiamu nyingi na huku unaota kila ua. Spinachi na mchicha usiviweke mbele, kwani vina oksaleti inayoifunga kalsiamu isitumike. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi, na majani ya mkilifi yana kiuawadudu cha asili. Yote mawili yaache.

8. Wadudu gani nisimpe kamwe?

Kimulimuli, maana baadhi ya spishi zake zimethibitika kuua mijusi kwa mdudu mmoja tu. Nairobi flai na mbawakawa wanaobabua ngozi. Jongoo na tandu. Vipepeo wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi, ambao viwavi wao hula mimea ya utomvu mweupe na kuihifadhi sumu yake mwilini. Kiwavi yeyote mwenye manyoya. Mende na nzi wa nyumbani pia waache, kwa kuwa hujui walipita kwenye dawa gani.

Kumbikumbi si sumu, ila wana mafuta mengi. Wachache mvua ikinyesha ni sawa, bali wiki nzima hapana.

Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, ni kisa kingine: tishio lao ni kumshambulia kinyonga mwenyewe. Ukikata tawi la mwembe au mkanju kwa ajili ya tundu lake la kukaa, likague jani kwa jani, maana huwa wameyashona majani wakajificha ndani. Nyenje wasioliwa pia usiwaache usiku kucha, watamtafuna akiwa amelala.

## Kalsiamu, jua na vitamini

9. Unga wa kalsiamu nautoa wapi, na nautumiaje?

Nyenje ana fosforasi nyingi mara kadhaa kuliko kalsiamu, ilhali kinyonga anahitaji kalsiamu izidi, karibu mbili kwa moja. Pengo hilo likiachwa, mwili hukopa kwenye mifupa yake mwenyewe.

Pwani tuna bahati ya mfupa mweupe wa ngisi, ule mwepesi wenye umbo la yai refu, ambao karibu wote ni kalsiamu kaboneti. Si kila ngisi anao, kwani wale wembamba wana ukanda laini wa kungʼaa tu. Waulize wanaopasua samaki bandarini, huutupa. Usiokote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, maana humo hairuhusiwi kutoa kitu. Utengeneze hivi:

1. Chagua usio na mafuta wala lami. Kwangua lile gamba gumu la mgongoni, baki na sehemu nyeupe.
2. Loweka kwenye maji matamu siku mbili, ubadilishe maji asubuhi na jioni, ili chumvi itoke. Onja kwa ncha ya ulimi, na ukisikia chumvi endelea kuloweka.
3. Chemsha dakika kumi, anika juani siku mbili au tatu.
4. Twanga, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi mpaka uwe laini kama unga wa ngano. Chenga haishiki kwenye mdudu.
5. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Hewa ya bahari huufanya ugande.

Ukikosa, maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa vivyo hivyo yanafaa.

Kutumia: tia wadudu watano kwenye kikombe, ongeza unga wa kushikwa na ncha ya kisu, tikisa, mpe papo hapo. Nyenje hujisafisha, na baada ya saa chache unga wote umeanguka. Wadogo na majike wenye mayai wapate karibu kila mlo. Dume mzima, mlo mmoja kwa kila miwili.

10. Chokaa ya ujenzi si kalsiamu pia?

Usithubutu. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa ni kali na itamuunguza mdomo, ulimi na tumbo. Vilevile usitumie DCP ya agroveti, ule unga wa madini wa mifugo, kwani imebeba fosforasi ile ile tunayojaribu kuizidi. Mchanganyiko wa vitamini wa kuku nao umepimwa kwa gunia la chakula, na kwa kinyonga wa gramu 40 ni rahisi mno kuzidisha.

11. Jua letu halitoshi?

Linatosha sana, akiwekwa juani. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na miale ya UVB ndiyo humsaidia kutengeneza vitamini D3 ya kuingiza kalsiamu mwilini. Lakini miale hiyo haipiti kwenye kioo cha dirisha wala plastiki ya kawaida. Kinyonga aliye kwenye tangi la kioo kando ya dirisha anapata joto na hapati jua, na tatizo la miguu kupinda mara nyingi huanzia hapo.

Mweke nje kwenye tundu la wavu kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, dakika 20 hadi 30, angalau siku nne kwa wiki. Nusu ya tundu iwe na kivuli cha majani halisi ili ajichagulie. Akibadilika rangi kuwa mweupe na kuachama mdomo, amezidiwa na joto, mtoe mara moja. Saa za mchana wakati wa kaskazi usijaribu.

12. Na vitamini za dukani?

Anayeota jua kama tulivyoeleza hahitaji D3 ya unga mara kwa mara. Mchanganyiko wa vitamini wa mijusi mara mbili kwa mwezi, kidogo tu, unatosha. Vitamini A ni muhimu kwa macho na ngozi ya mdomo, lakini A na D3 zikizidi hubaki mwilini na kudhuru ini, figo na mishipa. Matone ya vitamini ya watoto wadogo usimpe bila daktari.

## Maji

13. Hanywi kwenye bakuli. Nifanye nini?

Hatambui maji yaliyotulia. Porini hunywa umande na matone ya mvua yanayongʼaa juu ya majani. Mpulizie majani ya tundu kwa chupa ya matone madogo dakika mbili asubuhi na mbili jioni, kisha tundika kopo lenye tundu la sindano chini yake lidondoshe tone kwa tone juu ya jani kwa nusu saa. Usimpulizie usoni, hufunga macho asinywe. Majani yakauke kabla ya kupuliziwa tena, maana unyevu usiokauka huleta fangasi na kikohozi.

Dalili za kiu: macho yameingia ndani, ngozi ikishikwa haishuki upesi, na ile sehemu nyeupe ya choo imegeuka manjano au rangi ya machungwa.

14. Maji ya kisima yanafaa?

Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi, na madoa meupe yatakayobaki juu ya majani yatakuonyesha. Tumia maji ya bomba yaliyokaa wazi usiku mmoja, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuliosha. Maji ya paa la makuti hapana.

## Anapokuwa na tatizo

15. Amekataa kula. Nianzie wapi?

Anza na vitu vilivyomzunguka, kabla ya kudhani ni ugonjwa.

Amezoea mdudu mmoja? Mbadilishie: siku kumi za nyenje, lete nondo au kiwavi cha kijani. Mara nyingi hilo peke yake linamaliza suala.

Anaona kinyonga mwingine, au sura yake kwenye kioo? Vinyonga hawakai wawili. Aliye dhaifu hujikunja, hujitia weusi na kuacha kula hata kama hawajagusana. Paka anayeketi akimtazama hufanya vivyo hivyo, na kadhalika watoto wanaomshika kila saa.

Anabadilisha ngozi? Ngozi ikififia na kuanza kunyanyuka atakaa siku moja au mbili bila kula. Ni jike? Tazama swali la 21. Kiu je? Asiye na maji mwilini hawezi kula (swali la 13).

Kama yote hayo ni sawa, mpime kwa mzani wa jikoni wa gramu, kila wiki siku ile ile kabla ya kula, na uandike. Dume mzima mwenye uzito wake anaweza kususa siku nne au tano bila hatari. Kupungua sehemu moja kwa kumi ya uzito, au mtoto kutokula siku mbili, ni safari ya daktari.

16. Anamlenga mdudu lakini ulimi haufiki, au haurudi.

Ulimi wenye afya hutoka zaidi ya urefu wa mwili wake bila mkia. Ukitoka nusu, ukidondoka mbele, au akianza kuwafuata wadudu na kuwauma kwa taya, fikiria kwanza upungufu wa kalsiamu, kwani misuli inaihitaji. Sababu nyingine ni kiu, kidonda mdomoni, au ulimi kuvutwa aliponasa kwenye wavu mdudu aliyeshikilia nyuzi. Hadi apone, mshikie mdudu kwa koleo ndogo karibu na mdomo wake.

Ukibaki unaningʼinia nje, ulowanishe kwa maji safi kila baada ya dakika chache, mweke kivulini na umpeleke kwa daktari saa hiyo. Usiuvute na usiusukume ndani.

17. Anatetemeka, miguu imepinda, anaanguka.

Ni mifupa iliyokosa kalsiamu. Taya hulainika, mikono hupinda kwenye kiwiko, mwendo hulegea. Shusha matawi yasizidi sentimita 30 kutoka chini, tandika nyasi laini, mshike kidogo iwezekanavyo kwani mfupa huvunjika kwa kubanwa tu. Kisha daktari, maana kiwango hiki kinataka kalsiamu ya kipimo. Unga na jua (maswali ya 9 na 11) vitazuia usiendelee. Mfupa uliokwisha kupinda haunyooki tena, na kwa hiyo tunasisitiza muwahi mapema kwa wale wadogo.

18. Macho yamevimba au anayafumba mchana.

Kufumba macho mchana si usingizi, ni ugonjwa. Kuvimba kunaweza kuwa uchafu, maambukizi, au upungufu wa vitamini A, hasa ikiwa ngozi kuukuu inagandia na kuna uvimbe kwenye pembe ya mdomo. Mpulizie maji ya vuguvugu kwa dakika kadhaa ajisafishe. Kesho yake hali ikiwa ile ile, mpeleke. Dawa ya macho ya binadamu usiijaribu, nyingine zina steroidi.

19. Nimlishe kwa nguvu?

Kwa kawaida hapana. Kumfungua mdomo kunavunja taya laini, na chakula cha maji hupotea njia kikaingia kwenye mapafu. Akiwa na kiu huwa hasagi hata ukimtia chakula tumboni. Maji kwanza, daktari pili, chakula baadaye.

20. Viungo vimevimba lakini anakula vizuri.

Huenda ni jongo, linalotokana na mlo mzito na maji machache kwa muda mrefu. Punguza idadi ya wadudu, ongeza maji, apimwe.

## Hali za pekee

21. Jike amenenepa, ameacha kula na anatembea chini.

Anataka kutaga. Mpe ndoo yenye mchanga na udongo uliochanganywa, kina cha sentimita 25, wenye unyevu kiasi kwamba tundu ukilichimba kwa kidole halibomoki. Izungushie kitambaa asikuone, maana akitazamwa huacha kuchimba. Akishamaliza mpe maji mengi, na kwa wiki mbili chakula kila siku chenye unga wa kalsiamu. Akichimba hapa na pale zaidi ya siku mbili bila kutaga, akalegea na macho kuingia ndani, mayai yamekwama. Hilo halingoji kesho.

22. Nimeletewa kinyonga wa pembe tatu kutoka bara.

Kwanza uliza kibali chake. Huyu (Trioceros jacksonii) ni wa nyanda za juu za kati, za Nairobi na Mlima Kenya, mahali usiku hupoa sana. Usiku wa Malindi, ambao hata wakati wa kusi ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20, humnyima mapumziko, na kususa chakula ni dalili ya kwanza. Unga wa vitamini A na D3 humzidia haraka kuliko wa kwetu. Hakuna mlo utakaomrekebishia hali hiyo. Wasiliana na KWS arudishwe bara.

23. Nasafiri siku tatu.

Mzima mwenye afya atavumilia bila chakula, ila si bila maji. Mwachie jirani kazi ya kupulizia na kudondosha maji tu, usimwachie rundo la nyenje ndani ya tundu. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kuachwa hivyo.

24. Daktari nimpelekee nini?

Choo kibichi cha siku hiyo kwenye kikopo safi kilichofungwa, apime minyoo. Daftari la uzito. Orodha ya wadudu anaokula, walichokula wao, na unga unaotumia, ukiwa na chupa yenyewe mkononi. Msafirishe kwenye boksi la karatasi lenye matundu na tawi lililofungwa imara ndani, kivulini. Kwenye tuktuk mpakate boksi mapajani, usiliweke nyuma juu ya injini.